Kahawa chungu na kashata, kuanzia buni mpaka kikombe

Kikombe cha kahawa chungu hakijazi kiganja. Ni mililita 60 hivi, mafunda matano au sita, bila sukari, bila maziwa, na pembeni kipande cha kashata cha kuuma mara mbili au tatu. Anayekutana nacho mara ya kwanza hukunja uso. Kisha anauma kashata, anarudi kikombeni, na hapo mambo yanageuka: uchungu ule ule uliomkunja uso sasa una harufu, tangawizi inampanda puani, na utamu wa karanga uliobaki ulimini umepata mwenzake. Vitu vyenyewe ni buni, maji, sukari, karanga, na kipande cha tangawizi na iliki. Vyote vinapatikana sokoni, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kile unachokipata.

Barabarani utainywa kwa yule anayepita jioni na dele lake, yaani birika la kahawa, juu ya jiko dogo la mkaa, akigonganisha vikombe ili watu wamsikie kabla hajafika. Maelezo haya ni kwa anayetaka kuipika mwenyewe nyumbani, kwa watu wanne mpaka sita waliokaa barazani, na aipate kama inavyostahili kuwa.

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Kahawa chungu haimaanishi kahawa iliyoungua. Uchungu wake unatakiwa uwe safi, unaokuja na kuondoka. Ukibaki kooni kama majivu, kuna kosa lililofanyika kwenye kukaanga au kwenye kuchemsha, na makosa hayo yote yana dawa.

Buni

Nunua buni mbichi iliyokobolewa, ile ya rangi ya kijani iliyofifia, kwa wauza viungo au wauza nafaka. Tanzania ina kahawa za aina mbili. Arabika hutoka maeneo ya milimani kama Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi. Robusta hutoka Kagera, ambako Wahaya walikuwa wakitafuna buni iliyochemshwa na kukaushwa tangu zamani, kabla kahawa haijawa zao la kupeleka ng'ambo. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ni chungu zaidi, nzito zaidi mdomoni, na kwa kawaida bei yake iko chini.

Wapo wanaoidharau robusta. Kwa kahawa hii wasifanye hivyo. Arabika ina uchachu wake ambao ni mzuri kwenye kahawa ya kuchuja, lakini ukikutana na tangawizi na moto wa mkaa huwa kama umepotea njia. Robusta inaleta uzito unaoibeba tangawizi. Mchanganyiko unaokubali vizuri ni sehemu mbili za arabika na sehemu moja ya robusta. Kama sokoni kwenu kuna robusta tu, nenda nayo na usijute.

Mwaga buni kwenye ungo uichambue kabla ya kuiweka motoni. Toa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizoota ukungu, na vijiwe. Kazi hii ni ya dakika tano na watu wengi huiruka. Buni moja iliyooza, ikishasagwa pamoja na nzima, inatosha kulipa birika zima harufu ya kitu kilichovunda.

Kukaanga

Hapa ndipo kahawa inapatikana au inapotea, kwa hiyo usikaange huku unafanya jambo jingine.

Chukua gramu 200 za buni, kiasi cha kikombe kimoja na robo. Tumia kikaango kizito cha chuma au chungu kipana cha udongo. Sufuria jepesi la alumini linashika moto sehemu moja tu, na buni zitaungua nje huku ndani zingali mbichi. Tandaza buni zisizidi tabaka mbili. Kama utachanganya arabika na robusta, zikaange mbalimbali, maana hazilingani ukubwa wala hazikauki kwa kasi moja, kisha zichanganye zikishapoa.

Moto uwe wa wastani, mkaa ulioshika wote na kuanza kuvaa majivu. Kaanga nje ya nyumba au karibu na dirisha, kwa kuwa mwishoni moshi ni mwingi. Koroga kwa mwiko wa mti bila kupumzika, ukichota chini na kugeuza juu.

Kwa dakika nne au tano za mwanzo hutaona makubwa. Ukijani unaondoka, unakuja umanjano, na harufu ni ya majani makavu. Buni inatoa unyevu wake. Wengi huchoka hapa wakapepea moto uwake, na hilo ni kosa: nje itakuwa kahawia na ndani itabaki ya manjano, na kahawa yake itakuwa na ladha ya maharage mabichi. Vumilia. Harufu ya majani itageuka kuwa ya mkate unaookwa, rangi itaingia ukahawia, na ngozi nyembamba zitaanza kubanduka na kurukaruka.

Kati ya dakika ya 10 na ya 12 utasikia mpasuko. Unafanana na wa bisi, ila ni mkavu zaidi na hauruki juu. Buni zinavimba. Ukizitoa hapa utapata kahawa ya rangi ya mdalasini, nyepesi, jamaa ya ile ambayo Waarabu wa Ghuba huinywa na tende. Ni kahawa nzuri, lakini si hii tunayoitafuta.

Endelea. Mipasuko itatulia, patakuwa na kimya cha dakika mbili au tatu, rangi inazidi kukolea. Kisha unakuja mpasuko wa pili, mdogo na wa haraka, kama vijiti vyembamba vinavyovunjwa kwa mbali. Inamisha sikio, maana hausikiki kwa urahisi. Moshi unageuka wa buluu na uso wa buni unaanza kung'aa mafuta. Ukiusikia mpasuko huo, hesabu taratibu mpaka 20 au 30, basi toa. Dakika nzima zaidi ya hapo, unachokipata ni mkaa wa kahawa.

Kutoa maana yake ni kumwaga nje ya kikaango. Kukiepua tu haitoshi, kwani chuma kizito kina joto la kuendelea kukaanga kwa dakika kadhaa. Mimina kwenye ungo, peta makapi yapeperuke, tandaza, pepea kwa kipepeo. Ndani ya dakika nne uweze kuzishika kwa mkono bila kuungua.

Gramu 200 mbichi zitakuwa zimebaki 165 hivi. Ziache usiku mmoja kwenye kopo lisilofungwa kwa kukaza. Buni iliyotoka motoni ina gesi nyingi ndani, na ukiipika siku hiyo hiyo itafura, itapanda na kumwagika jikoni, na unga utaelea badala ya kuzama. Baada ya usiku huo funga kopo vizuri. Harufu yake inakuwa katika ubora wake kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo kaanga kidogo kidogo.

Usipopata buni mbichi, nunua kahawa iliyokaangwa na kusagwa ya kuchemsha, siyo ya kukoroga kwenye maji ya moto.

Kutwanga

Twanga kwenye kinu kiasi utakachopika siku hiyo tu. Unga uwe na chenga, ukiusugua kati ya vidole uhisi mchanga wa pwani. Ukitwanga mpaka ukawa laini kama unga wa ngano hautazama chini ya birika, na kila kikombe kitakuwa na tope. Ukiacha vipande vikubwa, maji yatapita pembeni yake na kahawa itakuwa nyepesi. Chekecha, kinachobaki juu ya chekeche kirudi kinuni. Kinu cha vitunguu saumu hakifai, hata ukikiosha mara tatu.

Kupika

Kwa vikombe 12 au 13 vidogo unahitaji:

- maji lita 1
- kahawa iliyotwangwa vijiko 6 vya chakula vya kusawazisha, gramu 30 hivi
- tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kilichopondwa, au nusu kijiko cha chai cha tangawizi kavu
- iliki punje 6, zilizopasuliwa tu

Maji yana neno kubwa hapa kuliko watu wanavyodhani. Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, na chumvi hiyo haifichiki kwenye kahawa isiyo na sukari. Maji ya mvua au ya bomba yaliyochemshwa ni bora. Kuhusu tangawizi, jua kwamba kavu ni kali kuliko mbichi. Mtu anayebadilisha moja kwa nyingine kwa kipimo kile kile atawakohoza wageni wake.

Chemsha maji na tangawizi kwanza, dakika tano, ili ukali wake utoke. Epua. Sasa tia kahawa, koroga mara moja, rudisha motoni. Usitie unga kwenye maji yanayotokota yakiwa juu ya jiko, yatafura na kuzima mkaa. Subiri povu lipande mpaka karibu na ukingo, epua litulie, rudisha. Fanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu povu litakuwa limepungua na kuwa la kahawia iliyokolea. Ondoa mkaa, ubaki mdogo, acha kahawa ichemke chinichini kwa dakika tano bila kufunika.

Iliki inaingia sasa, dakika ya mwisho. Ukiitia mwanzoni pamoja na tangawizi, harufu yake yote itaishia hewani, jirani aifaidi kuliko wewe.

Epua, nyunyizia juu kijiko kimoja cha maji baridi. Maji hayo huzamisha unga ulioelea. Funika, acha dakika tano bila kugusa wala kutikisa. Kisha mimina taratibu kwenye dele au chupa ya chai, ukiacha mashapo chini ya birika. Ukiona unga unaanza kuja, acha kumimina. Ni afadhali upoteze nusu kikombe kuliko kuchafua 12.

Kosa kubwa kupita yote ni kuiacha kahawa ichemke pamoja na mashapo yake nusu saa nzima kwa kudhani inakuwa kali. Inakuwa mbaya. Kila kilicho kizuri kwenye unga kimekwisha kutoka ndani ya dakika kumi, na kinachofuata ni ukavu unaokausha ulimi. Ukitaka kahawa kali zaidi ongeza unga, kijiko kimoja au viwili, na muda uwe ule ule. Kama huna dele, ikishatengwa na mashapo itie kwenye chupa ya chai uliyoisuuza kwa maji moto. Chupa iliyokuwa na chai ya maziwa ioshe na kuianika wazi siku moja kwanza. Ukiwa na dele, liweke juu ya makaa machache yaliyofunikwa majivu, kiasi cha kulipa joto tu, lisichemke tena. Dele la shaba lazima liwe limepakwa bati ndani. Bati likibanduka, lipeleke likapakwe upya kabla ya kulitumia.

Viungo vingine? Mdalasini kipande kidogo unakubali. Pilipili manga punje nne au tano ni nzuri wakati wa baridi ya Juni na Julai. Karafuu zisizidi mbili, maana ya tatu ikiingia hutasikia kingine chochote.

Kashata za karanga

Kashata za karanga ndizo mke halali wa kahawa chungu. Halua ina heshima yake, inakuja na kahawa kwenye nikahi na sikukuu, lakini ni kazi ya saa nyingi na mkono wa fundi. Kashata inakwisha ndani ya nusu saa.

Vipimo: karanga vikombe 2 (gramu 300), sukari kikombe 1 (gramu 200), iliki ya unga nusu kijiko cha chai, chumvi ya kuchota kwa vidole viwili, na mafuta kidogo ya kupakia sinia.

Chagua karanga kwa makini kabla ya kupima. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizoota ukungu au zenye ladha chungu tupa kabisa, usimpe hata kuku. Karanga za namna hiyo zinaweza kuwa na sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, na sumukuvu haiondoki yote kwa kukaanga.

Kaanga karanga kwa moto mdogo dakika 12 mpaka 15, ukigeuza, hadi ganda la ndani libanduke kwa kusugua na karanga iwe na rangi ya mchanga. Zisugue kwa kitambaa, peta maganda. Nusu yake twanga kidogo, zivunjike vipande vitatu au vinne, nusu acha nzima. Karanga nzima tupu hazishikani vizuri, na zilizotwangwa zote zinatoa mafuta na kuwa kama matope. Kisha zirudishe mahali penye joto. Hili usilisahau: karanga zilizopoa zikiingia kwenye sukari iliyoyeyuka, sukari inaganda ghafla na utabaki na mabonge.

Paka mafuta sinia la bati au ubao, na chupa moja ya glasi iliyo laini pande zote kwa ajili ya kusukumia. Andaa kisu na bakuli la maji baridi. Watoto wakae mbali. Sukari iliyoyeyuka inapita nyuzi joto 160, na ikigusa ngozi inang'ang'ania huku inaendelea kuunguza. Ikikurukia, ingiza mkono kwenye maji papo hapo, usijaribu kuifuta.

Tia sukari peke yake kwenye sufuria zito, moto mdogo, bila maji. Dakika za mwanzo usikoroge. Ukiona kingo zinayeyuka, anza kuvuta zilizoyeyuka kuelekea katikati kwa mwiko mkavu. Sukari itafanya mabonge. Usihofu na usitie maji, shusha moto uendelee, yatayeyuka. Baada ya dakika saba au nane yote ni majimaji. Tazama rangi. Rangi ya asali mbichi inatoa kashata tamu tu. Rangi ya asali nzito, yenye wekundu, inatoa kashata yenye uchungu wa mbali unaoitambua kahawa, na hiyo ndiyo tunayoitaka. Kutoka hapo mpaka kuungua ni sekunde chache: ukiona moshi mweupe na harufu inakwaruza pua, umechelewa. Mwaga, anza upya, kwa kuwa sukari iliyoungua haina tiba.

Rangi ikifika, tia chumvi, iliki na karanga zote kwa pamoja, koroga upesi mara kumi au kumi na tano, mimina kwenye sinia. Sukumia kwa chupa iliyopakwa mafuta mpaka unene wa sentimita moja. Una dakika mbili au tatu. Kata ikiwa ya moto kiasi cha kuvumilika, mistari mirefu kwanza, kisha ya kukatisha, vipande vya upana wa vidole viwili. Ikikuponyoka ikakauka, shikilia sinia juu ya jiko nusu dakika italainika. Ikikataa kabisa, ivunje kwa mkono. Ladha haipungui.

Sufuria lililogandiwa usilikwangue. Jaza maji, chemsha, sukari yote itatoka yenyewe.

Vipande vikipoa viweke kwenye kopo linalofunga, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Wakati wa masika sukari inavuta unyevu wa hewa, kashata zinanata na kushikana. Usizichanganye na za nazi kwenye kopo moja, kwani unyevu wa nazi utazilainisha siku hiyo hiyo.

Za nazi

Hizi ni laini na zina haraka zaidi. Chukua nazi moja kubwa iliyokomaa, ikune kwa mbuzi, ukiacha ile nyama ya kahawia iliyo karibu na kifuu kama unataka kashata nyeupe. Usikamue tui. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa yanatoa kashata kavu kama vumbi la mbao, na wapo wanaoziuza hivyo.

Chemsha sukari kikombe 1 na maji nusu kikombe mpaka shira ivute uzi kati ya vidole viwili ikishapoa kidogo kwenye kijiko. Tia nazi, koroga kwa moto mdogo dakika kumi hivi, mpaka mchanganyiko uwe bonge moja linaloachana na sufuria. Iliki mwishoni. Ukitaka zile za rangi mbili, gawa nusu, tia tone la rangi nyekundu ya chakula, tandaza nyeupe kwanza na ya waridi juu yake. Kandamiza, acha nusu saa, kata. Zisiposhikana, zilitoka motoni mapema, basi zirudishe dakika tatu. Zikiwa ngumu na zenye punje za sukari, zilikaa mno, na safari ijayo punguza. Zimalize ndani ya siku tatu, maana nazi inachacha upesi kwenye joto.

Kunywa

Mimina kikombe kisijae, theluthi mbili inatosha, kishikwe ukingoni bila kuungua. Vikombe visivyo na mkono ni bora, kwa sababu vidole vinakuambia kahawa ina joto gani kabla ya mdomo.

Funda la kwanza linywe tupu. Usianze na kashata. Ulimi ukishaujua uchungu, uma kipande kidogo cha kashata, tafuna mpaka kinakaribia kwisha, kisha funda la pili juu yake kabla hujameza kila kitu. Utamu huzima uchungu ulimini, na uchungu unaosha utamu, kwa hiyo kila kimoja kinakuja kipya. Ndiyo maana sukari haiingizwi kikombeni. Kahawa yenye sukari ina ladha moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukivitenga, una mbili zinazopokezana. Mgeni anayesisitiza kutiliwa sukari mpe kashata ya ziada kwanza, mara nyingi inatosha.

Saa zake ni baada ya alasiri jua likipungua, au usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe. Unguja, pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe, watu hukaa na vikombe hivi wakizungumza siasa na mpira mpaka giza, na penye bao la kete kahawa haikosi kuwa karibu. Asiyepata usingizi kwa urahisi aishie vikombe viwili kabla ya magharibi, na robusta ipungue. Mjamzito apunguze pia.

Hesabu ndogo kwa anayepima matumizi: gramu 165 za kahawa iliyokaangwa ni birika tano za lita moja, yaani vikombe zaidi ya 60. Kashata za sinia moja ni vipande 35 hadi 40 kwa ukubwa tuliousema.

Kikombe cha mwisho cha dele huwa kina unga. Usimpe mtu. Kimwage pamoja na mashapo ya birika kwenye shina la mpilipili au mlimau ulio kwenye ndoo, ukiyatandaza kwa wembamba, kwani yakilundikana yanaota ukungu na kuzuia maji kupita. Kisha suuza dele kwa maji moto mara hiyo hiyo na ulifudikize likauke. Mafuta ya kahawa yakilala ndani usiku mmoja yanachacha, na kesho yake utakaanga vizuri, utatwanga vizuri, utapika vizuri, na kikombe cha kwanza kitakuwa na harufu ya juzi.